Andika kwanza, ndipo ubonyeze: namna ya kuendesha kituo cha mawasiliano cha akiba

Walikuja barazani kwangu Ngamiani, mjini Tanga, baada ya Alasiri, vijana watatu, wawili wa kiume na binti mmoja. Wametoka kumaliza mafunzo ya mgambo, bado wanatembea kwa kwata bila kujijua. Mfukoni walikuwa na redio mbili za mkono, mpya, nailoni haijabanduliwa kwenye kioo. Kamati ya maafa ya kata yao imewataka wawe watu wake wa mawasiliano, na kuna aliyewaambia kwamba huku Barabara ya 13 yuko bibi aliyekuwa opereta wa simu, akaitwa akiba wakati wa Vita ya Kagera. Shikamoo bibi, tufundishe kutumia hizi. Nikaitikia, nikawamiminia kahawa, nikawauliza: daftari liko wapi?

Wakatazamana. Kalamu je? Binti akatoa simu yake ya mkononi, akasema ataandika humo. Nikamwambia airudishe mkobani, aende duka la pembeni akanunue kaunta buku moja na penseli mbili. Penseli, maana wino ukilowa mvua unakimbia.

Tangu siku hiyo wamekuja mara nyingi, na kila wakija wananitaka niyaandike niliyowaambia ili wenzao wa kata nyingine wayapate. Haya basi. Mie si fundi wa redio, na aliyezoea mitambo atanikuta nimeruka mengi. Mie nilikuwa mtu wa kupokea na kufikisha.

Mtu wa akiba ni nani

Jeshi la Akiba kwetu lina sheria yake tangu 1965, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ndio uliosukuma mgambo kila mahali, vijijini na viwandani. Mgambo wa kawaida anafundishwa kwata, silaha, usomaji wa ramani na ujanja wa porini. Lakini kuna watu ambao akiba inawataka kwa sababu ya kazi wanayoijua tayari: dereva, muuguzi, fundi umeme, na sisi wa simu. Huna haja ya kumfundisha opereta kusikia sauti mbovu. Amezisikia miaka, na amelipwa mshahara kwa kuzisikia.

Mie nilikaa kwenye swichibodi tangu nikiwa na umri wa miaka 19, nikichomeka na kuchomoa plagi, na siku za zamu ya kaunta nikipokea simu za maandishi. Vijana wa sasa hawajui kwamba neno simu lilianza na waya. Asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Mteja alilipa kwa neno. Kanuni za kimataifa zilihesabu neno la kawaida lisilozidi herufi 15 kuwa neno moja, na Kiswahili chetu kilikuwa kinawapunja wenye simu vizuri sana. "Nimekutumia" ni neno moja, wakati Mzungu analipia manne. Nilipenda kuwaona wazee wakiinama kwenye kaunta wakibana sentensi hadi inaingia katika shilingi zao. Pale ndipo nilipojifunza kuandika ujumbe.

Uganda walipovamia Kagera tarehe 30 Oktoba 1978, na Mwalimu alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba, mgambo waliitwa nchi nzima. Mie sikuvuka Kagera. Vita yangu niliipigana kwenye kiti, zamu za usiku, headseti masikioni na koti la mgambo mabegani kwa ajili ya baridi ya feni. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 nilikuwa zamuni, na nilijua kwa namna laini zote zilivyowaka pamoja.

Nchi nyingine zimefanya hivyohivyo, kuchukua watu wenye ujuzi wao. Uingereza ilipoingia vitani 1939, iliwaomba wapenda redio wa majumbani wawe wasikilizaji wa hiari, na wakafikia kama 1,500. Hawa hawakurusha neno hata moja. Walikaa sebuleni usiku na mashine zao, wakasikiliza vituo vya kijasusi vya Wajerumani, wakaandika kila herufi kwenye karatasi, kisha karatasi ikapelekwa kwa posta: Sanduku 25, Barnet. Wengi wao hawakujua waliyoyaandika yana maana gani. Wataalamu wa kuvunja kodi walikuwa kwingine wakiyasubiri. Nawapenda watu hao. Ukiwaambia vijana wangu kwamba mwanajeshi wa mawasiliano anaweza kumaliza vita nzima bila kubonyeza kitufe, wanadhani nawatania.

Daftari

Kwa hiyo anza na daftari. Chora mistari: namba ya ujumbe, tarehe, saa ulipoandikwa na mwenyewe, saa ulipopokea au kurusha, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, na sahihi yako. Usichane karatasi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, uandike sahihi pembeni. Anayepokea zamu asome kurasa za zamu iliyopita kabla hajaketi.

Ujumbe wenyewe uandike kwenye karatasi yake kabla hujagusa redio. Huu ni wa zoezi tulilofanya, msije mkatishana:

Namba: 7
Uzito: HARAKA
Saa: 16:20
Kutoka: Kituo cha Kigombe
Kwenda: Kamati ya Maafa, Tanga
Maneno: 17
NJIA YA KIGOMBE IMEKATIKA. WATU 35 WAMEKWAMA UPANDE WA PANGANI. WANAHITAJI MAJI YA KUNYWA NA MTUMBWI 1.

Hesabu ya maneno ndiyo inayowachekesha wanafunzi, hadi siku inapowaokoa. Mpokeaji akimaliza kuandika anahesabu, kila namba ni neno moja. Akipata 16, kuna neno limemponyoka, na atalidai kabla mrushaji hajaondoka hewani. Watu wa simu za maandishi walihesabu hivyo kwa ajili ya pesa, sisi tukarithi.

Uzito uwe wa aina tatu tu: DHARURA, HARAKA, KAWAIDA. Dharura ni roho ya mtu inayoweza kutoka ndani ya saa hiyo. Mwenyekiti akitaka kujua chai ya wajumbe imefika wapi, huo ni KAWAIDA hata akikukunjia uso. Mtaona wenyewe jinsi kila mkubwa anavyodhani ujumbe wake ni dharura, na opereta ndiye wa kumwambia kwa adabu, Mzee, tutakurushia, uko wa tatu.

Saa yetu na saa yao

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mafunzo mengi ya redio yameandikwa na watu ambao saa zao zinaanza usiku wa manane. Sisi saa zetu zinaanza jua likichomoza. Saa mbili ya Mswahili ni 08:00 au 20:00, na kwa mtu aliyesoma saa ya kijeshi, mbili ni 02:00. Tayari una saa tatu tofauti ndani ya neno moja.

Mwaka wa kwanza wa akiba niliandika "lori lifike saa mbili" katika zoezi. Niliyempelekea alikuwa ofisa wa bara aliyezoea saa ya kijeshi, na lori lake lilikuja saa nane za usiku, likawakuta walinzi wamelala, likapigwa mwanga wa tochi machoni, nusura wadereva wapigwe na vitu vingine. Koplo aliyekuwa akitufundisha, mrefu, mtaratibu, hakunigombeza. Alinipa daftari langu akaniambia nisome kwa sauti mbele ya wenzangu.

Tangu hapo naandika tarakimu nne daima, 08:00, 20:00. Nikitamka kwa raia naongeza kwa kinywa: "saa ishirini kamili, yaani saa mbili usiku." Kwenye karatasi zinabaki tarakimu nne tu.

Na weka saa zote mbili, ya kuandikwa na ya kufika. Ujumbe ni kama samaki wa Sahare, lazima ujue umevuliwa lini. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku Afrika majeshi ya von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, na ya Waingereza yaliendelea kupigana karibu na Kasama, katika nchi inayoitwa Zambia leo, hadi tarehe 13, ndipo Mjerumani akapata habari kutoka kwa tarishi wa Kiingereza wa pikipiki aliyekamatwa na karatasi zake. Akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25. Habari ya amani ilikuwa njiani wakati watu wanapigwa risasi.

Tatu, tano, nne, nane

Lugha yetu tamu, lakini namba zake hazikutengenezwa kwa ajili ya redio yenye mkwaruzo. Tatu na tano zinaanza sawa, na mwisho wa neno ndio unaomezwa na kelele. Nne na nane, ukiongea haraka, ni mapacha. Watu 35 wanaweza kuwa 33, 55 au 53, na mtu wa maji atapakia kwa hesabu aliyoisikia.

Dawa ni mbili. Kwanza, tarakimu moja moja: "tatu, tano", usiseme thelathini na tano. Pili, ukiona hali ya hewa mbaya, hesabu kutoka moja hadi ufike: "tatu, yaani moja, mbili, tatu. Tano, yaani moja, mbili, tatu, nne, tano." Inachosha, najua. Koplo wetu alituhesabisha hivyo mpaka nikawa nahesabu hata nikinunua nyanya sokoni Mgandini, muuzaji ananishangaa.

Kwa herufi tumia zile za dunia nzima, Alfa, Bravo, Charlie, zilizokubaliwa 1956. Msianze kubuni za kwenu, A ya Asha, B ya Bakari, maana mtu wa meli na mtu wa uwanja wa ndege hawamjui Asha. Taja herufi kwa majina ya watu na ya mahali tu. Ukiyataja maneno yote kwa herufi utalala kituoni.

Majina ya mahali sasa. Tuna Duga mjini Tanga, na tuna Duga ya Maforoni kule njia ya Horohoro. Nilipokea ujumbe usiku mmoja mwanzoni mwa 1979: mgambo fulani amejeruhiwa, amelazwa, ndugu zake wa Duga waarifiwe. Jina lenyewe lilikuwa lile ambalo ukiliita msikitini wanageuka sita. Sikuuliza Duga ipi. Sikuuliza jina la babu. Niliandika, nikamkabidhi tarishi, tarishi akaenda Duga ya hapa kwa baiskeli, akamkuta mama mwenye mtoto wa jina hilo vitani. "Amejeruhiwa" ilipofika nyumba ya tatu ilikuwa imeshakuwa "amekufa." Asubuhi mikeka imetandikwa uani, wanawake wamekaa, sufuria ziko jikoni. Na mama mwenyewe wa Maforoni amelala usingizi wake hana habari.

Nilikwenda mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilisimama uani nikasema kwamba mimi ndiye niliyeandika na nimekosea, na mtoto wao hakutajwa. Mama yule hakunitukana. Aliniuliza tu, basi yeye yuko wapi? Na hilo nilikuwa sina jibu lake.

Kwa hiyo, majina matatu, kijiji, na kitongoji au alama inayojulikana: msikiti, mbuyu, shule. Ukikosa kimojawapo, unakidai. Anayerusha atanuna. Mwache anune.

Antena, minazi na milima

Redio za mkono za wale vijana zina wati 5, nao walidhani zitafika Lushoto. Mawimbi ya redio hizo yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, kama macho. Ukisimama chini na mwenzako amesimama chini, juu ya bahari tulivu mtasikilizana kilomita kumi hivi. Ndani ya mji, kati ya kuta na mabati, mbili au tatu na ushukuru. Antena ikipanda mita 9, upeo wake juu ya bahari unafika kama kilomita 12, na mwenzako akipanda naye mnajumlisha. Hivyo kabla hamjalaumu redio, pandeni juu. Raskazone kuna ghorofa. Ombeni ruhusa.

Pangani ni kilomita 40 na ushee, na Lushoto ni chini ya 100 kwa mstari, lakini Usambara imekaa katikati kama mgeni aliyeketi mlangoni. Hapo mnahitaji redio ya masafa mafupi, ile kubwa ya volti 12, na waya. Watu wengi wanajua kwamba masafa mafupi yanafika mbali, Ulaya, India. Wachache wanajua kwamba ukiutundika waya chini, mita 3 au 4 tu kutoka ardhini, mawimbi yanapanda juu kabisa, yanagonga tabaka la anga, yanarudi kama mvua ya mwavuli juu ya mkoa mzima. Mlima hauyazuii kwa sababu hayapiti kwenye mlima.

Urefu wa waya: chukua 142.5, gawanya kwa megahezi. Kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo, kata katikati, kila mkono mita 10. Mie husema ukate mita 10 na sentimita 30, kisha upunguze kidogo kidogo ukipima, kwa sababu waya mrefu unakatika lakini mfupi haurefuki. Mchana masafa ya megahezi 7 yanafanya kazi vizuri kwa mkoa. Usiku tabaka lile linakonda na mnaacha kusikiana ingawa mko jirani, mnawasikia watu wa mbali tu. Hapo shukeni kwenye 3.5, na waya wake ni mara mbili. Andaeni nyaya zote mbili mchana. Usiku wa mvua si wakati wa kupima.

Kutundika, tunayo minazi. Kwa mita 4 huhitaji mkwezi. Chukua mshipi wa kuvulia, funga chubwi, rusha juu ya kuti la mnazi mfupi, vuta kamba ya manila, kisha waya. Usifunge waya moja kwa moja kwenye mti: kusi ikivuma mnazi unacheza na waya unakatika. Acha kamba iwe na ulegevu, au ining'inize jiwe upande mmoja. Na usisimame chini ya nazi. Nasema hivi kwa sababu kijana mmoja alisimama.

Kabla ya yote, leseni. Masafa yanatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wa mgambo mwulizeni mshauri wa mgambo wa wilaya kabla hamjafungua mdomo hewani. Wapenda redio wana leseni yao na alama za nchi yetu zinaanza na 5H. Baharini, chaneli 16 ni ya wito wa hatari na si ya kupigia porojo. Iacheni kimya, isikilizeni.

Betri nitapita haraka. Redio ya wati 100 ikirusha kwa nguvu zote inakula ampea 20 hivi, ikisikiliza inakula moja au zaidi kidogo. Betri ya gari ya ampea-saa 70 msiishushe chini ya nusu, kwa hiyo mna 35. Ukiongea mfululizo inakwisha kwa saa moja na dakika 45; ukisikiliza tu inakaa zaidi ya siku. Hesabu hiyo inatosha kumfunga mdomo mwenye maneno mengi. Chumvi ya bahari inakula vichwa vya kebo, futeni na mpake grisi kila mwezi.

Hewani

Sikiliza kwanza, sekunde kumi. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme, la sivyo silabi ya kwanza inakatwa na "hapana" inakuwa "pana". Mwite mwenzako kwanza, kisha jitaje. Maneno ni machache: nakusoma, rudia, subiri, ova. "Ova" maana yake nimemaliza, sema wewe. Vita ya Vietnam, wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiunganishwa na nyumbani kupitia wapenda redio wa MARS, mfumo uliotokana na ule jeshi lao liliouanzisha 1925, na mke alilazimika kumwambia mumewe nakupenda, ova, huku opereta asiyemjua anasikiliza ili abadilishe swichi. Opereta yule anasikia na hasemi. Nanyi mtasikia mambo ya watu. Yanabaki kwenye daftari.

Mpokeaji arudie ujumbe wote kama alivyouandika, mrushaji afuate kwa kidole kwenye karatasi yake. Neno "nimekusoma" peke yake halinitoshi, kwa sababu mtu anaweza kukusoma vizuri kabisa akaelewa kitu kingine.

Ushahidi tunao hapahapa. Tarehe 2 Novemba 1914, simu ilifika kwa von Lettow-Vorbeck kule Moshi kwamba meli za Waingereza zimetokea Tanga. Reli ya Usambara ilikuwa imefika Moshi 1911, na kwa simu ile na treni zile akaleta askari wake hadi Kange, pale tunapopandia mabasi ya mkoani leo. (Tarehe 2 Novemba ina mambo yake, Mwalimu naye siku hiyohiyo, miaka 64 baadaye.) Jenerali Aitken wa Waingereza alikuwa na watu kama 8,000 dhidi ya 1,000 hivi, na akashindwa. Hadithi ya nyuki waliowavamia askari katikati ya vita kila mtoto wa Tanga anaijua. Isiyosimuliwa ni ya jioni ya tarehe 4: baruji ya Wajerumani ililia, kampuni zao zikaifahamu vibaya, zikaondoka mjini kurudi kambini upande wa magharibi. Walioshinda wakauacha mji karibu mtupu usiku kucha. Waingereza nao hawakujua, wakarudi melini, wakaacha nyuma bombomu (bunduki za rashasha), bunduki, risasi kwa maelfu, na simu za medani. Mlio mmoja ulioeleweka kwa maana mbili ungeweza kuwapa Waingereza Tanga, kama wangekuwa na mtu wa kwenda kuchungulia.

Kwa hiyo mkitumia filimbi, kengele ya shule au bendera pale redio zinapokufa, kila ishara iwe na maana moja, imeandikwa, na watu wote wameijibu katika zoezi.

Zitakufa, hizo redio. Mei 2024 tulisubiri Kimbunga Hidaya hapa pwani, na baada ya siku chache, tarehe 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika na mjukuu wangu akakaa anatazama kiduara kinavyozunguka. Hakukuwa na dhoruba siku ile, jua linawaka. Wekeni matarishi wawili wenye baiskeli, wanaojua vichochoro, na kila tarishi awe na karatasi, asibebe ujumbe kichwani. Tarishi naye anasaini daftari akitoka na akirudi.

Zoezi la kila mwezi

Zoezi langu ni rahisi. Naandika ujumbe mmoja wa maneno 20 hadi 25, wenye namba tatu, jina moja la mtu na mahali pamoja panapofanana na pengine. Namkabidhi wa kwanza Raskazone. Anamrushia wa pili Chumbageni, naye anamrushia wa tatu Mabawa, wa tatu anampa tarishi, tarishi ananiletea Ngamiani. Naziweka karatasi mbili mezani, iliyotoka na iliyorudi, na kila mmoja anatafuta kosa lake kwenye daftari lake.

Mara ya kwanza magunia 15 ya unga yalirudi magunia 50 ya udongo. Mara ya pili ujumbe ulirudi safi lakini baada ya saa tatu, kwa sababu tarishi alipita kwao kula. Mwezi uliopita ulirudi kwa dakika 22, maneno 23 kwa 23, ila Duga imeandikwa Duga tu. Nimemrudishia binti karatasi yake bila kusema kitu, akaitazama, akachukua redio akaanza kuuliza ipi.

Zoezi lijalo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, 16:00, yaani saa kumi alasiri. Mje na penseli.